Kubuni fonti hakuhitaji kalamu wala kaligrafia. Anayepinga alete hoja

#1 Nodi_Tupu
Habari wakuu. Kila mtu akiuliza aanzie wapi kujifunza kubuni fonti, anajibiwa lilelile: tafuta nibu bapa (kalamu ya wino yenye ncha pana), andika kwa mkono mpaka mkono ukubali, kompyuta utaifungua baadaye. Napinga. Fonti ya leo ni mikunjo ya Bézier, yaani mistari ya kupinda inayochorwa kwa hesabu, na hesabu ya mikunjo hiyo ilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, Renault na Citroën. Haikutoka kwenye kidau cha wino. Wim Crouwel alitoa New Alphabet mwaka 1967 kwa mistari iliyonyooka tu, kona zimekatwa kwa digrii 45, kwa ajili ya mashine za kupanga chapa zilizotumia skrini. Zuzana Licko alianza na vinukta vya skrini ya Macintosh miaka ya 1980, na hakuna anayebisha kwamba ni mbuni mkubwa.

FontForge, programu ya kuchora fonti, ni bure. Mwanafunzi aifungue achore. Kwa mnaopinga nauliza: kalamu inafundisha kitu gani hasa ambacho jicho na kipanya haviwezi? Nitajieni kitu chenyewe, msinitajie heshima kwa waliotangulia.

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeshakaa. Wajuvi waje.

#3 NibuBapa
Umeomba kitu, chukua hiki. Chora A yenye mguu mnene na mguu mwembamba. Upi unanenepa? Wa kulia. V je? Wa kushoto. U? Nguzo ya kushoto. Wanaoanzia kwenye kompyuta moja kwa moja ndio wanaogeuza A, unene unakwenda kushoto, na neno zima linaonekana kama limesomwa kwenye kioo, wala wao hawajui kinachowasumbua.

Mwenye nibu bapa mkononi hapati shida hiyo. Shika nibu kwa pembe ya digrii 30 hivi. Vuta mstari kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, unatoka mnene. Vuta kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, unatoka mwembamba. Andika o: itanenepa mbavuni, na sehemu zake nyembamba zitakaa mshazari, moja juu upande wa kushoto, nyingine chini upande wa kulia. Hukuamua wewe, chombo kimeamua. Ukishaandika kurasa kadhaa, hutauliza tena unene unakaa wapi.

#4 Nodi_Tupu
NibuBapa, asante, lakini hapo umenipa kanuni ya sentensi moja. Kinachoshuka kwenda kulia ni kinene, kinachoshuka kwenda kushoto ni chembamba. Nimeshaijua, na sijagusa wino.

#5 Mkia_wa_Q
Basi ichore Z kwa kanuni hiyo, mkuu.

#6 Nodi_Tupu
Mshazari unashuka kwenda kushoto, kwa hiyo mwembamba.

#7 Mkia_wa_Q
Fungua kitabu chochote kilichochapwa kwa herufi zenye serifu (vijimkia vya mwishoni mwa mistari) uiangalie Z. Mshazari wake ni mnene, mistari ya juu na chini ndiyo myembamba. Na N ni kinyume cha unavyotarajia: nguzo mbili nyembamba, mshazari mnene.

Hapa namsahihisha NibuBapa pia. Ukishika nibu kwa digrii 30 bila kuigeuza, Z inatoka na mshazari dhaifu na N inatoka nene kila mahali. Waandishi wa zamani waliigeuza nibu: kwenye Z waliilaza, kwenye nguzo za N waliisimamisha. Kwa hiyo si kweli kwamba chombo kiliamua. Jicho liliona herufi haijakaa sawa, mkono ukageuza chombo.

#8 NibuBapa
Umesomeka, na nakubali kuhusu N na Z. Lakini aliyegundua kwamba nibu lazima igeuzwe alikuwa ameishika. Hilo ndilo ninalolitetea.

#9 Bi_Pambizo
Wadau, hiyo ni nibu ya aina moja tu. Gerrit Noordzij, aliyefundisha miaka mingi The Hague, alieleza vizuri zaidi. Nibu bapa inaleta unene kwa kubadili mwelekeo. Nibu kali inayopasuka katikati inaleta unene kwa kukandamizwa. Chukua herufi za Bodoni: o yake imesimama wima kabisa, unene ubavuni, na juu na chini uzi mwembamba. Huwezi kuipata kwa nibu bapa ya digrii 30. Mwanafunzi anayechanganya hizo mbili anapata n ya familia moja na e ya familia nyingine, na anaweza kuhangaika muda mrefu bila kujua kwa nini neno halitulii.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kalamu. Inakupa sababu moja inayozifunga herufi zote 26, kwa hiyo ukibadili moja unajua nyingine zibadilikeje. Kuandika vizuri ni faida ya pembeni.

#10 Patasi
Mnazunguka sana na kalamu. Herufi kubwa tunazotumia zilitoka kwenye mawe ya Roma, na serifu zilitokana na patasi: fundi alihitaji kumaliza mstari bila jiwe kumeguka. Kwa hiyo anayetaka asili kabisa ajifunze kuchonga.

#11 Fundi_Brashi
Patasi, hiyo ya serifu ilipata mpinzani mzito zamani. Edward Catich alikuwa padri, na kabla ya hapo alikuwa mwandika mabango. Aliyachunguza maandishi ya nguzo ya Trajan ya Roma, ya mwaka 113, akaonyesha kwamba yaliandikwa kwanza juu ya jiwe kwa brashi bapa, kisha yakachongwa kwa kufuata rangi. Kitabu chake kilitoka 1968. Ukivuta R kwa brashi bapa na kuizungusha kati ya vidole mwishoni mwa mstari, serifu inajitokeza yenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu brashi ndiyo kazi yangu, mabango na majina ya milangoni. Nikiwa na brashi iliyojaa rangi vizuri siwezi kuichora herufi kwa mzingo wake. Naivuta kwa mipigo: R ni nguzo, tumbo, mguu, na serifu zinazomalizia. Anayechora mzingo kwa kipanya anaanza na ngozi kabla ya mifupa.

#12 Patasi
Catich namfahamu. Rangi ilitangulia, sawa, lakini msomaji wa Roma aliona kivuli ndani ya mfereji wa jiwe, na kina cha mfereji ule kiliamuliwa na patasi. Sijahama.

#13 Siti_ya_Mbele
Kalamu, brashi, patasi. Nani analeta shoka?

#14 Tundu_la_e
Siti_ya_Mbele, naleta nyundo. Mbona wote mnazungumzia wino? Zaidi ya miaka 400 herufi za kuchapa zilikatwa kwenye ncha ya kipande cha chuma, saizi halisi, ndogo kuliko punje. Fundi wa chuma hakuanza na mstari mweusi. Alitengeneza kwanza muhuri mdogo wenye umbo la uwazi wa ndani, mathalani ule wa n, akaugonga kwa nyundo kwenye chuma, ndipo akapunguza nje kwa tupa mpaka n ikabaki. Muhuri huohuo wa ndani ulitumika kwa n, h na u, na ndiyo maana herufi hizo zilifanana bila mtu kuzipima. Fred Smeijers ameandika kitabu kizima juu ya hilo, Counterpunch, 1996.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi ni la tatu. Kinachofundishwa ni weupe. Weupe wa ndani ya n, weupe kati ya n na o, weupe kati ya mistari. Kalamu yenyewe inakudanganya hapo, maana inakufanya uutazame wino.

#15 Bi_Pambizo
Hapo kwa weupe naunga mkono, ila mafundi wale walikuwa wakiiga maandishi ya kalamu waliyoyaona. Walikata chuma, lakini kichwani kulikuwa na hati ya mkono.

#16 Rula_na_Jicho
Naona hoja ya mwanafunzi wa kawaida haijaguswa. Anachora kwa vipimo sahihi na herufi zinaonekana mbovu. Nitoe namba, wengi huzikosa. Tuseme turubai ni yuniti 1000 na kimo cha x, yaani cha herufi ndogo zisizo na nguzo ndefu, ni 500. Ukiifanya o iwe na kimo cha 500 kamili, itaonekana fupi kuliko x. Ishushe 10 chini ya mstari wa msingi na ipandishe 10 juu ya kimo. Sasa ni 520 na inaonekana sawa. Kilele cha A chenye ncha nacho kipite mstari. Nguzo ya H ikiwa na unene wa 90, mstari wake wa kati ukiwa 90 nao utaonekana mnene zaidi, upunguze hadi 80 hivi, na uupandishe kidogo juu ya katikati halisi, la sivyo utaonekana umeanguka. Kwenye S, tumbo la juu liwe dogo kuliko la chini. Igeuze S ya fonti yoyote nzuri juu chini, utaona ilivyoelemewa.

Haya yote hayatoki kwenye nibu wala patasi. Ni macho ya binadamu. Ndiyo maana Louis XIV alipoagiza herufi za kifalme miaka ya 1690, kamati ya wasomi ikazichora juu ya gridi yenye viraba 2304 kwa kila herufi kubwa, na bado Philippe Grandjean, aliyezikata kwenye chuma, hakuifuata gridi kila mahali.

#17 Nodi_Tupu
Rula_na_Jicho umenisaidia kuliko wote! Kama ni macho, basi kipanya kinatosha. Hata Futura ilichorwa kwa bikari na rula, na dunia nzima inaitumia.

#18 Rula_na_Jicho
Sikusema kipanya kinatosha. Na Futura ya Paul Renner, 1927, inaonekana ya bikari tu. Ikuze p yake kwenye skrini uangalie tumbo linapoingia kwenye nguzo: limepunguzwa unene. Lisingepunguzwa, pangekuwa na doa jeusi hapo. Bikari haiwezi kufanya hivyo.

#19 Mkia_wa_Q
Tena Nodi_Tupu, shahidi wako wa #1 amehamia upande wa pili. Licko alichora Mrs Eaves mwaka 1996 kutokana na herufi za John Baskerville. Na Baskerville, kabla ya kuwa mchapaji, alifundisha mwandiko na kuchonga maandishi ya makaburi. Kalamu na patasi, zote mbili mle mle.

#20 Patasi
Asante Mkia_wa_Q. Makaburi, mmesikia?

#21 Nodi_Tupu
Sijahama. Licko aliziangalia herufi za Baskerville zilizochapwa, hakurudi shuleni kujifunza mwandiko wa Baskerville. Kuangalia herufi za zamani sijawahi kupinga. Ninachopinga ni kumwekea mwanafunzi mlango ambao funguo yake ni ya mkono uliotulia. Wapo watu mikono yao inatetemeka. Wapo wanaotumia mkono wa kushoto, na nibu bapa inawatesa. Tuwaambie warudi nyumbani?

#22 Kushoto_Kwangu
Mimi ni wa mkono wa kushoto na naomba niseme. Kuna nibu zilizokatwa mshazari kwa ajili yetu, na karatasi inazungushwa. Lakini kilichonifungua macho ni penseli mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Unaandika a kubwa kama kiganja, ncha mbili zinachora kingo mbili za mpigo kwa wakati mmoja. Unauona unene ukijengeka, unaona kingo zinapokutana na kuvukana, kisha unajaza katikati. Hakuna wino wa kumwagika, hakuna nibu ya kukwaruza. Nodi_Tupu jaribu hiyo kabla ya kufunga hoja.

#23 Nodi_Tupu
Penseli mbili nitajaribu. Shukrani.

#24 Alifu_Wima
Mnazungumza kana kwamba herufi ni za Kilatini peke yake. Katika hati za Kiarabu, kalamu ni kipimo chenyewe. Kalamu ya mwanzi inakatwa ncha mshazari, ikibonyezwa inaacha nukta ya msambamba, na kwa nukta hiyo unapima kila kitu: urefu wa alifu, kina cha nuni, upana wa ba. Utaratibu huo unahusishwa na Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940. Alifu ni nukta ngapi, inategemea ni hati gani. Mwanafunzi anakaa na mwalimu, anaiga mstari mmoja, mwalimu anausahihisha kwa wino mwekundu, anaurudia, mpaka apewe ijaza, idhini ya mwalimu kwamba amehitimu.

Kwa hiyo ubishi wa rula dhidi ya kalamu, kwetu haupo. Kalamu ndiyo rula.

#25 Bi_Pambizo
Alifu_Wima, hii ingestahili uzi wake. Kubuni fonti ya naskhi, moja ya hati hizo za Kiarabu, bila kuijua kalamu sijui mtu angeanzia wapi, maana herufi moja inabadilika umbo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, na kalamu ndiyo inayoonyesha muungano unapita wapi.

#26 Fundi_Brashi
Kuna tofauti hamjaitaja. Mimi nikiandika bango, herufi zinajua jirani zao. W na A zikikutana nazisogeza, L ikifuatwa na T naufupisha mguu wa L. Kwenye fonti, a inatengenezwa leo bila kujua atakayekaa kando yake kesho. Kwa hiyo hata mwandika mabango hodari anaweza kushindwa kubuni fonti. Nimewaona wenye mikono mizuri sana ambao kila herufi yao peke yake ni pambo, lakini aya nzima haisomeki.

#27 Tundu_la_e
Kabisa. Walter Tracy alieleza njia mwaka 1986 ambayo bado inafundishwa. Weka n tatu au nne mfululizo, rekebisha nafasi za pembeni mpaka weupe wa kati ulingane na weupe wa ndani. Kisha weka o katikati yao, nnonn, halafu nnoonn. Pande za mviringo zinahitaji nafasi ndogo kuliko pande zilizonyooka. Ukimaliza n na o, umeshapata nafasi za h, m, u, b, d, p, q, c, e kwa sehemu kubwa. Keningi, yaani kurekebisha nafasi ya jozi mojamoja ya herufi, ndiyo ya mwisho kabisa. Anayeanza na keningi anaziba viraka kwenye nguo ambayo haijashonwa.

#28 Wa_Ya_Ka
Niongeze moja kuhusu majaribio, kwa sababu wengi wetu tunanakili maneno ya majaribio ya lugha nyingine, "hamburgefonstiv" na mengine. Yapo kwa sababu yanabeba maumbo mengi kwa pamoja, sawa. Lakini Kiswahili kina sura yake kwenye ukurasa. Q na X hatuna kabisa. Tuna wa, ya, ka, kwa, za kila mahali. Kwa hiyo w, y, k na z, herufi za mshazari ambazo mbuni wa Ulaya anaziacha mwishoni, kwetu ndizo zinazoamua rangi ya aya, yaani weusi wake kwa ujumla. K ikiwa nyeusi kidogo kuliko jirani zake, ukurasa mzima unajaa madoa.

Halafu ng'. Piga "ng'ombe" na "kung'ang'ania" kwenye fonti yako. Alama ile inaning'inia juu ya nafasi tupu kati ya g na o, na neno linakatika vipande viwili. Jozi za g na alama, alama na o, alama na a, zote zinataka keningi. Na g ikiwa na sikio (kile kijimkia cha juu kulia) lililochomoza, alama inaligonga. Nimefungua fonti nyingi zilizo wazi na ni chache nilizokuta jozi hizo zimeguswa. Hili halihitaji nibu wala patasi, linahitaji mtu anayesoma Kiswahili.

#29 Nodi_Tupu
Wa_Ya_Ka, hii naichukua kama ilivyo. Nimepima sasa hivi kwenye fonti yangu, "kung'ang'ania" imeachana kweli.

#30 Mgeni_Herufi
Samahani wakuu, nimesoma yote na bado sijui nianze na nini. Sina mwalimu. Nina kompyuta ya kawaida tu.

#31 NibuBapa
Andika kwa mkono.

#32 Rula_na_Jicho
Chora n, o, a, e, i, s kwa uzito mmoja, bila serifu, uzichape karatasini na uziangalie kwa umbali.

#33 Bi_Pambizo
Mgeni_Herufi, hao wawili hawatapatana leo. Unachoweza kufanya bila kumngoja mshindi: chukua fonti yenye leseni ya OFL, ambayo inakuruhusu kufungua na kubadili, kwa mfano Gentium, au Andika, iliyotengenezwa kwa wanaoanza kujifunza kusoma. Ifungue kwenye FontForge. Angalia nodi, yaani vituo vinavyoshika mkunjo, zimewekwa wapi: utazikuta juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa ya kila mkunjo, chache iwezekanavyo. Kisha funga uichore n hiyo kwa kumbukumbu, uilinganishe. Tofauti utakazoziona ndizo somo lako la kwanza.

#34 Fundi_Brashi
Na usiruke kwenda kwenye uzito mnene kabla wa kawaida haujatulia.

#35 Mkia_wa_Q
Tena usichore herufi zote 26 kwa pamoja. Ukikosea n ukanakili tumbo lake kwenye h, m, u, b, p, umekosea mara sita.

#36 Patasi
Mwenzangu aliyekuwa mchongaji alijifunza kwa kuweka karatasi juu ya jiwe na kusugua kwa penseli, herufi ikajitokeza. Baadaye alizichora kwenye kompyuta bila shida. Nasema tu.

#37 Nukta_Tatu
Niulize la pembeni. Natengeneza fonti ya vitabu vya watoto, nataka ifae na lugha nyingine za Afrika, kwa hiyo nimeweka ɓ, ɗ, ƙ, ɛ, ɔ na ŋ. Ŋ kubwa imenishinda. Fonti moja inaichora kama N yenye ndoano, nyingine kama n ndogo iliyokuzwa. Ipi sahihi?

#38 Bi_Pambizo
Zote mbili. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wamezoea ile ya N yenye ndoano. Lugha nyingi za Afrika zinataka n iliyokuzwa. Zina namba moja tu kwenye Yunikodi, ndiyo maana umeziona zikigongana. Kwa vitabu vyako weka n iliyokuzwa kama umbo la kawaida.

#39 Mkia_wa_Q
Unaweza kubeba zote mbili ndani ya fonti moja, OpenType (muundo wa faili la fonti unaobeba kanuni kama hizo) ichague kwa kuangalia lugha ya maandishi. Tatizo ni kwamba programu nyingi za kuandikia hazijui maandishi ni ya lugha gani, kwa hiyo litatokea lile la kawaida.

#40 NibuBapa
Ndoano ya ɓ usiibandike tu juu ya b. Ivute kama mpigo mmoja na nguzo, mkono uanzie kwenye ndoano ushuke. Ukiandika kwa kalamu utaliona mara moja.

#41 Rula_na_Jicho
Utaliona hata kwenye skrini: punguza urefu wa nguzo kidogo, la sivyo ndoano itagonga mkia wa mstari wa juu.

#42 Nukta_Tatu
Nimepunguza, na ndoano imekaa. Kwenye ƙ je, ndoano iwe ya ukubwa uleule wa ɓ, au iwe ndogo kwa sababu mkono wa k uko karibu?

#43 Wa_Ya_Ka
Ukubwa uleule, lakini usogeze mkono wa k chini kidogo. Weka picha ya ɓ, ɗ na ƙ zikiwa ndani ya maneno, tuzione zikiwa na majirani.